Lundo Lililokuwa Pale Mlipokaa

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu wa kuzaliwa na ndugu wa kuoana, majirani, wenzake marehemu wa jikoni chuoni, na ninyi nyote mliokanyaga tope la juzi mpaka mkatufikia, nimesimama kwa niaba ya familia, mimi kitinda mimba, fundi viti, niwasomee maisha ya dada yetu, na kwa kuwa shule yangu iliishia darasa la saba naomba mnivumilie nitakapokwama, maana nimeandika mwenyewe kwa mkono wangu, na Mungu ananiona kwamba niliomba kwanza kabla ya kushika kalamu, nisije nikamsifu dada kwa mdomo ilhali wiki hii hii tumemkosea kwa mikono.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1959, katika chumba kile cha mwisho cha nyumba hii, wakati huo ikiwa bado ya nyasi, akiwa mtoto wa pili wa marehemu baba yetu, mpasua mbao, na marehemu mama yetu, mkulima, na mama alizoea kutuhadithia kwamba uchungu ulimkuta amekaa chini anapukuchua mahindi, na kwamba mwaka ule mahindi yalikuwa mengi hata ghala likajaa na mengine yakabaki yamesimama shambani yakisubiri mtu wa kuyafuata. Nasema hivyo ili vijana mjue kwamba udongo wetu haukuzaliwa mbaya. Sisi ndio tuliouchosha, kila mwaka mahindi juu ya mahindi, na kila baada ya mavuno baba anatia mabua moto, nasi watoto tunashangilia moshi, mpaka shamba likabaki jekundu, gumu, ukipiga jembe linakurudishia mtikisiko mpaka begani.

Masomo yake ya msingi aliyaanza mwaka 1967 na kuyamaliza mwaka 1973, akafaulu, na walimu wakamsifu kwa hesabu, lakini nafasi ya kuendelea mbele katika nyumba yetu ilikuwa moja, ikaenda kwa kaka yetu mkubwa, ambaye baadaye akawa karani na ndivyo wengi wenu mnavyomwita hadi leo, Karani, na dada hakuwahi kulisemea jambo hilo vibaya, ila kila kaka alipokosea hesabu ya kitu chochote, hata idadi ya wageni, dada alikuwa anasema, "Shule ilimezwa na mwingine," halafu anaendelea na kazi yake.

Tarehe 8 Januari 1979 aliajiriwa katika jiko la chuo, akianza na kumenya viazi na ndizi, kisha akapanda akawa mpishi, na hatimaye mkuu wa jiko, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2014, na waliofanya naye kazi wako hapa, wanalijua jiko lile kuliko mimi, sakafu ya saruji isiyokauka, masufuria makubwa ya kutosha kuogeshea mtoto, dirisha la kutolea sahani lenye kizingiti kilicholika kwa viwiko vya wanafunzi, na dada amesimama katikati na mwiko mrefu kama kasia, anajua nani hali maharage, nani amefiwa, nani anadanganya kwamba bado hajapewa nyama.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na marehemu shemeji yetu, fundi mwashi, mtu mpole aliyejenga ukuta huu wa uani mnaouegemea, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza akatangulia mbele za haki akiwa mdogo, wa pili ni mpwa wangu dereva wa lori, aliyefika asubuhi ya leo na vumbi la safari bado mabegani, na wa tatu ni binti, aliyezaliwa mwaka 1988, ndiye yule aliyekaa karibu na jeneza na mtoto mapajani. Tarehe 3 Mei 1998 shemeji alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kufariki, na dada akarudi nyumbani kwa baba na watoto wake wawili, baba akampokea, akamwonyesha mashamba yetu mawili, la juu hili la nyuma ya nyumba na la chini lile la mteremkoni, akamwambia, "Lima lolote utakalo, mwanangu, hata panya wameshahama humo."

Mwaka wa kwanza alilima la juu akapata mahindi ya ukubwa wa kidole gumba, mengine magunzi matupu yenye meno mawili matatu kama kinywa cha mzee, na hayo ndiyo aliyotutwangia, tukala. Sasa, nyuma ya jiko la chuo kulikuwa na shimo la kumwagia maganda, na siku moja, alivyosimulia mwenyewe, alikwenda kumwaga akakuta humo bua la mahindi ambalo hakuna aliyelipanda, punje ilidondoka tu, na bua lilikuwa nene kuliko mkono wake na limebeba mahindi mawili yaliyojaa hadi nchani, akasimama pale na ndoo mkononi mpaka mwenzake akamwita mara mbili, kwa sababu alikuwa anajiuliza jalala limepata wapi nguvu ambayo shamba la baba yake halina.

Kuanzia siku hiyo akaomba ruhusa ya kuchukua maganda, akawa kila jioni akitoka kazini anasukuma toroli kupita barabara kuu, mbele ya maduka, mbele ya kanisa, nzi wanamsindikiza, na watu wakamwita Mama Jalala, jina ambalo ninyi wengine mmelitumia hata leo kuulizia njia ya kuja hapa, wala sikulaumuni, maana walioliita mwanzo ni wa nyumba hii. Mpwa wangu huyu dereva, wakati huo yuko shuleni, alikuwa akimwona mama yake anakuja anavuka upande wa pili wa barabara. Mimi karakana yangu iko barabarani, nilikuwa nikilisikia toroli lile linavyolia gurudumu naingia ndani kutafuta msumari ambao haukupotea. Na kaka akija kutoka mjini na suti yake alisimama pale mlangoni anamchokoza, "Dada, mwaka huu umepanda nini, maganda ya viazi?" naye bila kuinua kichwa akamjibu, "Nimefukia maganda, Karani, lete na masikio yako niyafukie hapo hapo, huenda yakaota yakasikia."

Msidhani alipatia mara moja, na yeye asingependa nimpambe. Msimu wa kwanza aliyafukia maganda mabichi chini ya mbegu, yakaoza yakachemka, mbegu zikaivia ardhini, na kilichobaki mbwa wa mtaa wakafukua. Msimu uliofuata alikuja kwangu kuomba vumbi la mbao, nikampa magunia, akachanganya mengi mno, na mahindi yakatoka ya njano kama vifaranga, yakasimama hivyo hivyo yakiona haya mpaka mvua ikaisha, na watu wakapita njiani wanacheka, naye akacheka nao, ila mama alituambia kwamba siku ile dada hakula. Aliyemfungua macho ni mchochea moto wa pale jikoni, aliyekulia kwa watu wenye bustani, akamwambia uchafu usipewe udongo ukiwa mbichi, upangwe kwanza kama kitanda, tabaka la makavu, tabaka la mabichi, samadi kidogo, udongo, majivu kiganja, umwagiwe maji, ufunikwe kwa nyasi, halafu uachwe upike wenyewe, na kila baada ya wiki chache ugeuzwe, chini kuje juu, mpaka usiweze tena kujua lipi lilikuwa ganda na lipi lilikuwa jani.

Basi akajenga lundo lake la kwanza hapa uani, na kwa kuwa alikuwa mpishi alilitunza kipishi, anachomeka kijiti katikati, anakichomoa, anakishika kujua joto, ananusa, anasema "bado," anasema "limekosa maji," anasema "hili limewekwa samadi nyingi, linanuka kama kaka yangu akikasirika," na likiiva linakuwa jeusi, laini, linanukia ardhi iliyonyeshewa, naye anabeba kwa ndoo mpaka shamba la juu, anatia viganja viwili katika kila shimo la kupandia, anachanganya na udongo, ndipo anaweka mbegu. Mabua akakataza yasichomwe tena, akayalaza katikati ya mistari. Shamba halikubadilika kwa mwaka mmoja, wala miwili, lakini mwaka wa nne tulianza kuona minyoo tukichimba, maji ya mvua yakaacha kukimbia yakawa yanazama, na shamba lililokuwa linatoa gunia moja kwa shida likaja kutoa magunia tisa, kumi, na mwaka mmoja mzuri kumi na mbili. Na kusema kweli, hakuna msimu mimi na kaka tuliokuja hapa tukarudi mikono mitupu, kaka alifungiwa gunia kwenye buti la gari, mimi nililetewa mlangoni, kwa toroli lile lile nililokuwa nalikimbia, na gunia hilo nililipokea barabarani, mchana, bila haya yoyote.

Majirani nanyi mlijifunza kwake, wengine kwa kuchungulia juu ya ukuta, wengine kwa kuja na ndoo kuomba, na hakumnyima mtu, ila alimpa kidogo na kumwambia, "Hiyo ni hamira, nenda kakande unga wako."

Shamba la chini ndilo alilochelewa. Liko mteremkoni, maji yamelikwangua, mboji haikuwahi kutosha kulifikia, na kila mwaka alisema mwakani. Mwaka juzi binti yake, mpwa wangu, alirudi nyumbani na watoto wawili baada ya mumewe kuoa kwingine, akaacha na kibanda chake cha ushonaji alichokuwa nacho huko, akaja bila kitu, na dada akamwambia, "Shamba la chini litakuwa lako, nami nitalitengenezea lundo kubwa kuliko yote niliyowahi kujenga, upande humo, wanao wale jasho la mama yao wasiangalie mikono ya watu." Lundo hilo alilianza mwaka jana mara baada ya mavuno, hapa uani, lilikuwa linafika usawa wa dirisha, na familia nzima tulijua ni la nani na ni la kazi gani, mimi nilijua, kaka alijua.

Mwezi Novemba mwaka jana dada alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akapelekwa hospitali, daktari akasema moyo umepanuka, akalazwa, akatoka, akalazwa tena mwezi Februari na hakutoka. Binti yake alikuwa ndiye anashinda naye, na akirudi nyumbani kufua anageuza lundo kama alivyoagizwa, halafu anambebea mama yake kiganja kimoja cha mboji kwenye mfuko, mama anainusa kitandani, mpaka muuguzi mmoja akaona udongo kwenye shuka akapaza sauti, "Mama, hii ni wodi, si konde!" naye akamjibu, "Mwanangu, usinifokee, naonja chakula cha wajukuu kama kimeiva," na tangu siku ile muuguzi yule akawa kila akiingia zamu anauliza, "Mpishi, kimeiva?" Jumapili, tarehe 5 mwezi huu, binti alipeleka kiganja kingine, dada akainusa muda mrefu, akasema, "Sasa limeiva, ikiingia mvua tu lipe shamba la chini," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka, kwa kuwa Jumatatu tarehe 6, saa nne asubuhi, Bwana alimtwaa, akiwa na umri wa miaka inayopita sitini, na karibu nusu ya miaka hiyo alisukuma toroli.

Historia ya marehemu kwa kawaida huishia hapa, ikafuata shukrani. Nami nilipofika hapa niliweka kalamu chini, nikaona kama nikiruka, nitakuwa nimesema uongo nikiwa nimesimama kati ya jeneza na mchungaji.

Jumatatu hiyo hiyo alasiri, mimi na kaka tulikaa sebuleni tukapanga mazishi, na kaka akasema mkubwa wake wa zamani kazini atakuja, wakwe watakuja, wageni wa chuo watakuja, "Tutawakalisha watu wazima na jalala puani mwao?" nami sikumjibu kwamba lundo lililoiva halinuki, ingawa nilijua, bali nilichukua futi yangu nikatoka nikapima uwanja, nikarudi nikasema likiondoka lile viti vyote vitaenea, hata mistari itanyooka. Mtu wa viti ni mimi. Kaka alisema neno, lakini vipimo nilitoa mimi. Katika kikao hicho hicho tulizungumza mashamba, kwa kuwa baba hakuacha maandishi, tukaona shamba la juu, kwa vile ni la baba na sisi ndio wanaume, tuligawane nusu kwa nusu, na mpwa wetu abaki na la chini, tukasema, na naomba Mungu anisamehe kwa jinsi tulivyolisema kwa urahisi, "Yule ana lundo lake, linamtosha." Jumanne tukaita trekta la kukokota mchanga, watu wake wakalipakia lundo lote kwa koleo, wakaenda kulimwaga korongoni, tukafagia, tukatandaza mchanga, tukapanga viti. Jumatatu lundo linamtosha, Jumanne limetupwa, na katika sisi wawili, watu wazima, mmoja karani, mmoja, yaani mimi, mzee wa kanisa, hakuna aliyeona kwamba maneno hayo mawili hayawezi kulala nyumba moja.

Mpwa wangu wakati huo alikuwa chumba cha maiti anamwosha mama yake. Alirudi jioni, akafika pale, hapo mlipo ninyi mliovaa vilemba vyeupe, akatazama viti, akatazama ukuta ambao hakuuona tangu mwaka jana, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wajomba, mmeanza kuzika bila mimi," akakaa kwenye kiti kimojawapo, akavua viatu. Laiti angepiga kelele. Nilijitayarisha kwa kelele, nilikuwa na majibu yangu, ya heshima ya familia, ya wageni.

Jioni ile ile ndipo mvua ikaja, ile mvua ya kwanza mliyoisikia wote, na Jumatano alfajiri nilichukua magunia na koleo nikashuka korongoni, nikamkuta yeye ameshafika, amejifunga kanga kiunoni, anachota kwa ndoo. Palikuwa na mfereji mweusi umeteremka mpaka chini kwenye maji, umekwenda na mboji karibu yote, na kilichobaki ukingoni kilikuwa kimechanganyika na mawe na chupa za plastiki. Nikaanza kuchota naye, mpaka nilipojaza gunia nusu akaja akatia mkono ndani, akakisugua kile kitu kati ya vidole kama mama yake, akaniambia, "Mjomba, acha, hilo ni tope." Tukapanda kurudi nyumbani na gunia hilo nusu hata hivyo, kwa kuwa sikujua niliache vipi.

Mchana wa siku hiyo wakaja wenzake dada wa jikoni, mko pale, mnajua, mkaja na chakula cha wafiwa, na pamoja nacho mkabeba magunia matatu ya maganda mliyoyakusanya tangu mliposikia msiba, mkiwa mmesema ninyi kwa ninyi kwamba rambirambi ya Mama Jalala haiwezi kuwa maua, mkaingia uani mmeyabeba kichwani, mkasimama, na yule mama mwenye miwani akaniuliza mimi, "Baba, tumwage wapi?" Mbele yake palikuwa na viti. Katika maisha yangu nimewahi kuulizwa maswali magumu kanisani na serikalini, lakini swali lile aliyelijibu ni mpwa wangu, aliwaambia, "Wekeni pale ukutani, mama zangu, mimi nitajua," akawavutia viti wakae, wala hakuwaambia nani alifanya nini, alitusitiri. Ninyi mlifikiri lundo limeshapelekwa shambani, mkampongeza. Alipokea pongezi.

Kwa hiyo mkitaka kujua familia inajisikiaje leo, tunahuzunika, ndiyo, lakini huzuni iko nyuma, mbele iko aibu. Mpwa wangu ana watoto wawili, mvua imeshaingia, shamba la chini ni jiwe, mboji ya kulilainisha ilikuwa imeiva na sisi tumeitupa, na nyingine haitaiva kabla mvua hii haijakatika, na asipopanda wiki hii, mwaka wake umekwisha kabla haujaanza. Hilo ndilo tulilomfanyia mtu aliyemuuguza mama yetu sote, maana dada alikuwa mama kwetu, mpaka akakata pumzi.

Jana nilikwenda kwa kaka nikamwambia ninachotaka kuandika. Akaniuliza, "Mambo ya ndani uyasome msibani?" nikamwambia kaka, viti tuliviweka nje. Akasema, "Yako yaseme. Yangu niachie." Basi yangu ni haya, na ninyi wazee muwe mashahidi, nusu ya shamba la juu niliyojipimia Jumatatu, kuanzia ukuta huu hadi kwenye mkorosho tulioufanya mpaka wangu na kaka, si yangu, haikuwa yangu, sikuwahi kutia hata kiganja kimoja humo, aliyelifufua ni dada, na kuanzia leo ni ya binti yake, apande, avune, na akifa nayo ibaki kwa wanawe, na mtoto wangu yeyote atakayekuja kudai kesho kutwa mkumbusheni kwamba baba yake alisema akiwa na akili timamu mbele ya jeneza. Nusu ya kaka ni ya kaka, amekaa hapa, ana mdomo wake, na dada hakunifundisha kusema kwa niaba ya mtu mwenye mdomo.

Nilimweleza mpwa wangu asubuhi ya leo, nikidhani atalia, au atanishukuru, na nadhani nilitaka anishukuru, Bwana anisamehe na hilo pia. Alikuwa anamnyonyesha mdogo. Akaniambia, "Nimesikia, mjomba. Ila kaseme mbele ya watu, kwa sababu mkikaa ndani mnaamua vingine." Nimesema.

Sasa niwashukuru wanaostahili. Tunawashukuru madaktari wa wodi ya wanawake waliopigania pumzi ya dada yetu kwa miezi yote hiyo, na muuguzi yule aliyeacha kufoka akawa rafiki, tunaambiwa ameomba ruhusa ya zamu ili afike, kama upo, binti yetu, lilikuwa limeiva. Tunawashukuru majirani kwa maji, kuni, turubai na kwa kuvumilia nzi wa miaka ile ya mwanzo, tunawashukuru vijana mliochimba kaburi kwenye udongo uliolowa bila kulalamika, tunamshukuru mchungaji, ambaye alinishauri niandike mazuri tu, nami sikumtii, na tunawashukuru wenzake wa jikoni chuoni, magunia yenu matatu yapo pale ukutani, hayajatupwa, leo baada ya kuzika viti vikiondoka tutayafungua na kuanza lundo jingine, ambalo msimu huu halitasaidia kitu, lakini msimu ujao shamba la chini litahitaji chakula.

Jambo la mwisho, kesho msije kukaa nasi hapa nyumbani, hamtatukuta, ardhi imelowa na mbegu haiwezi kusubiri watu wamalize kulia, mpwa wangu atakuwa shamba la juu anafukua mashimo tangu kukicha, mimi nitakuwa nyuma yake nafukia, mistari itanyooka au haitanyooka, na anayetaka kutupa pole atukute huko na jembe lake, halafu mtajionea wenyewe ni nani mwingine wa nyumba hii ameinama upande wa pili wa mkorosho.

Dada, amani tuliyoivunja uani kwako, Bwana akupe nyingine kwake, ambayo ndugu zako hawataifikia kwa futi. Pumzika.